Siku Mama Pacha Alipopanda Gari la Mumewe

Baba Pacha aliendesha lori la kiwanda cha unga kwa miaka kumi na minne. Kiwanda kilipofungwa, alichukua kiinua mgongo chake chote akanunua gari dogo jeupe, akajiandikisha kwenye kampuni ya kubeba abiria wanaoita teksi kwa simu. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mteremko. Simu ikilia, naye anacheka. Mwaka wa tatu simu bado ililia, ila kicheko kilikuwa kimepungua. Madereva walikuwa wameongezeka kama uyoga baada ya mvua, kampuni ilikata robo ya kila nauli, na bei ya mafuta ilijua kupanda tu.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele: cherehani mbili, meza ya kukatia, na kioo kirefu chenye ufa. Jioni moja mumewe aliingia ameshika kiuno, akajilaza sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa.

"Mchumia juani hulia kivulini," mkewe akasema, pini mdomoni.

"Ndiyo hivyo, mke wangu."

"Sasa wewe kivulini huli. Unalia."

Baba Pacha alicheka mpaka mgongo ukamkanya.

"Kesho nakwenda nawe kazini," Mama Pacha akasema. "Nataka nione hilo gari linakula nini."

Kesho yake akakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Abiria wa kwanza, bwana mmoja wa tai, alimtazama akauliza, "Huyu anashuka wapi?"

"Huyu hashuki," Baba Pacha akajibu. "Ni mke wangu."

Walimfuata mama mmoja kilomita sita, wakampeleka mbili. Wakamfuata mwingine mpaka getini kwake, akafuta safari wakiwa wanalitazama geti. Mama Pacha alihesabu kilomita kwa vidole hadi mchana, na kwa wanaomjua, hiyo haikuwa dalili njema.

"Baba Pacha, nikikata gauni nikatupa nusu ya kitambaa, mteja atarudi?"

"Arudi kufanya nini?"

"Basi wewe tangu asubuhi umetupa nusu ya mafuta. Unamfuata mtu mbali kuliko unakompeleka."

"Nikiwakataa, kampuni inanishusha daraja. Bonasi ya wiki siioni."

"Bonasi ya wiki iliyopita ilifika hata bei ya lile tairi ulilonunua?"

Baba Pacha akawasha indiketa, ingawa hapakuwa na kona ya kukata.

Saa tisa alasiri walimshusha mgonjwa hospitalini. Nje ya geti alisimama muuguzi, simu mkononi, uso umemkunjamana. Mama Pacha akaitambua sare yake kabla ya sura. Kola ile aliishona mwenyewe. Akashusha kioo.

"Mwanangu, mbona umesimama juani?"

"Shikamoo mama. Nimeita gari, wa kwanza kafuta, wa pili kafuta. Na asubuhi ni hivihivi, halafu zamu inaanza saa kumi na mbili."

"Marahaba. Mnaokaa upande wetu mko wangapi?"

"Watatu. Wanne tukimhesabu mkunga, ila yule anaongea sana."

"Viti viko vinne," Mama Pacha akasema. "Panda, tuongee njiani."

Walipomfikisha kwake, walikuwa wamekubaliana: kuwapeleka alfajiri, kuwarudisha alasiri, malipo kwa mwezi. Katikati ya siku Baba Pacha angewasha simu kama kawaida, ila apokee wa karibu tu. Wa mbali waite hadi wachoke.

Mwezi wa kwanza alikosa raha. Daraja lake lilishuka kweli, bonasi ikaota mbawa, na mapato kwenye simu yakawa madogo kuliko wakati wowote. Lakini tangi lililokuwa likikauka kwa siku mbili sasa lilifika siku nne. Wauguzi walipolipa, alitengeneza breki kwa fedha zake mwenyewe bila kuazima kwa mkewe, kisha akalala usingizi wa mtoto mchanga. Kila siku saa kumi na moja jioni alikuwa nyumbani, akiwasimamia mabinti zake hesabu za shule, ambazo hakuzielewa ila alizisimamia kwa ukali.

Asubuhi moja, kwenye banda la chai karibu na kituo cha mafuta, dereva mwenzake alimuuliza swali lililokuwa midomoni mwa wote.

"Kaka, hivi hii kazi bado inalipa?"

"Mimi inanilipa," Baba Pacha akasema. "Gari ni langu, na sikimbilii kila simu inapolia."

"Langu la mkopo. Nisipokimbia wanalichukua."

"Basi yako ni hesabu nyingine, ndugu yangu. Siwezi kukudanganya. Ila njoo siku moja uongee na mke wangu."

Mwenzake akataka kujibu, simu yake ikalia. Akaacha kikombe nusu, akaondoka mbio. Baba Pacha akajisogezea sahani ya maandazi, akaagiza chai ya pili.