Rangi Isiyoonekana

Wanafunzi walimwita Bi Taratibu, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya ufundi wa maabara ya chuo kikuu hakuwahi kuvunja hata chupa moja. Mwaka ule, hata hivyo, kazi ilimtoa jasho. Mhadhiri alitaka vioo vyenye utando mwembamba wa oksidi ya zinki iliyotiwa alumini kidogo: kioo kibaki angavu, lakini kipitishe umeme. Dawa ya utando huo ilipulizwa kama ukungu juu ya kioo kilicholazwa kwenye bamba la moto. Wiki tatu mfululizo vioo vilitoka na mabaka meupe, na umeme haukupita.

Alikuwa akiishi na baba yake, fundi wa kupuliza rangi za magari aliyeacha kazi kifua kilipoanza kumsumbua. Jioni moja mzee alimwona anachezea chakula, akamwuliza kulikoni.

"Napuliza, baba, na haikubali."

"Rangi gani?"

"Haionekani."

Mzee akaweka kijiko chini. "Mwanangu, ningempakia mteja rangi isiyoonekana, ningelala ndani."

Wakacheka mpaka mzee akakohoa. Kisha akauliza, "Unapuliza bila kupumzika?"

"Ndiyo, nimalize upesi."

"Basi unakipoza kioo. Puliza kidogo, ngoja kipate moto, halafu puliza tena. Na eti wewe ndiye wanayekuita Taratibu."

Kesho yake alipuliza sekunde tano, akangoja nusu dakika, akarudia hivyo mara arobaini. Kioo kikatoka safi, na mita ikaonyesha umeme unapita. Akajaribu vipimo vya alumini: sehemu mbili kwa mia zilifaa kuliko zote. Alipozidisha, umeme ukaanza kupita kwa shida. "Ni kama chumvi," alimwambia mhadhiri, "ikizidi umeharibu."

Akarudi nyumbani na kioo kimoja, betri, nyaya na kitaa kidogo. Mzee alikigeuzageuza dirishani, asione kitu. Binti akagusisha nyaya juu ya kioo, kitaa kikawaka.

Mzee akapitisha kidole juu ya kioo. "Kumbe ipo," akasema.

Mhadhiri alipopata habari za ushauri wa mzee, akamwalika maabara. Mzee alifika amenyoa ndevu, akavishwa barakoa na koti jeupe lililomwishia juu ya vifundo vya mikono. Alilizunguka bamba mara mbili.

"Mwalimu, samahani. Bomba lenu la kupulizia limekaa karibu mno."

Likapandishwa vidole vinne. Wanafunzi wakaandika. Bi Taratibu, nyuma yao, alijifanya anapanga chupa zilizokwisha pangwa, asije akaonekana anavyojivuna.