Barafu ya Rwenzori kwa Wageni wa Afande

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa koplo kambini Kasese. Kwa mdomo nilikuwa nimepanda Rwenzori mara tatu. Kwa miguu, bado. Afande aliniamini, akanituma kileleni nikawaletee wageni wake barafu ya kutia kwenye wiski.

Nilifika Ibanda, kijiji kilicho chini ya mlima, nikautazama, nikaingia kilabuni. Siku ya tano nikateremka ziwani, nikanunua barafu kwa wauza samaki, nikaifunga ndani ya gunia la nyasi.

Afande aliigawa mwenyewe, akisimulia nilivyoipasua kwa shoka ukingoni mwa shimo. Wageni wakanipigia makofi. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kisha akachungulia glasi yake, akatoa gamba kwa kidole.

“Koplo,” akasema taratibu, “huko juu samaki anaogelea wapi?”