Makocha wa Ukuta wa Mbarak

Historia ya makocha wa timu ya taifa ya wanaume ya mpira wa kikapu ilitunzwa na Mbarak, muuza nyama wa Majimbo, Embu, maana wakubwa wa timu walikuwa na kazi ya kuwafuta. Kila kocha mpya alipotangazwa, Mbarak alikata picha yake gazetini akaibandika buchani. Akifutwa, aliibandua akafungia nyama. Wa kwanza alidumu mpaka akageuka manjano pale ukutani. Wa sita, hata gundi haikukauka.

Jana wa saba alitangazwa, na mpango wake wa miaka kumi. Mbarak akailaza picha yake kando ya mizani.

"Mzee, huyu humbandiki?" akauliza mteja wake, Mwalimu Kananu.

"Ya nini kumpandisha na kumshusha, Mwalimu? Nikufungie matumbo naye sasa, ama tumpe mpaka Ijumaa?"