Bati la Maman Védastine

Katika miaka yote aliyobeba mchele kutoka Bugarama hadi soko la Kamembe, Védastine Mukamazimpaka hakuwahi kumwachia fundi gari lake hata kwa muda wa kunywa chai. Alikwenda garajini na kigoda chake mwenyewe, akaketi, mkoba magotini, akaifuata mikono ya fundi kwa macho kama wakala anayesimamia kura zikihesabiwa. Kila kipande kilichofunguliwa alitaka akione. Kila kilichofungwa alikitia alama kwa rangi ya kucha ya binti yake Vanessa, tone moja jekundu mahali alipodhani hakuna atakayepatazama. Tabia hiyo ilianzia ng'ambo ya daraja la mpakani, Bukavu alikokulia, alipoacha gari garajini siku mbili akarudishiwa likiwa na betri ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo, kila alipolisikia neno fundi, neno jingine lilimjia kichwani pamoja nalo, na hilo hakulitamka.

Gari la sasa lilikuwa pikapu ya otomatiki. Aliichagua kwa ajili ya goti lake la kushoto, lililokuwa limegoma kukanyaga klachi. Lakini mlima wa kutoka tambarare ya Bugarama, kwenye joto lile, na magunia nyuma, uliunguza giaboksi ya kwanza. Ya pili ilimgharimu shamba lake la mwisho. Ikiungua na hii, hakuwa na kingine cha kuuza. Angerudi kuishi kama mgeni kwa shemeji yake, maisha aliyokwisha kuyaonja.

Hakimu, fundi wa Kamembe, ndiye aliyemshauri.

"Maman, mafuta ya bwati, hii giaboksi, ndiyo yanaumia. Kwenye mulima yanachemka. Tuiwekee rejeta ndogo yake peke yake, hapa mbele chini, ipate upepo."

"Na ile gari ilikuja nayo?"

"Iko, lakini haitoshe. Gari hii waliitengeneza ya kutembeza batu, weye unaibebesha muchele."

"Ao unajitafutia kazi."

"Kazi niko nayo mingi, Maman. Ila siku yote inaishia kukuangalia vile unaniangalia."

Mafundi wenzake walicheka. Védastine hakucheka. Hata hivyo alikubali, na rejeta ndogo ikafungwa nyuma ya uwazi wa bampa, upande wa kushoto. Alizitia rangi boliti zote nne.

Wiki ile mlima ulipandwa bila tatizo, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi: kitu kizuri huibwa. Ijumaa, akipita karibu na garaji, aliona rejeta kama yake ikining'inia ukutani. Imetoka kwenye gari la nani? Alijua kwamba fundi wa rejeta huwa na rejeta ukutani. Alijiambia hivyo mara kadhaa, akaona aibu kidogo, kisha akarudi kulekule. Aliyeifunga yake anajua ilipo. Anajua pia kwamba kila Jumatatu gari husimama kwenye kinu cha Bugarama likipakiwa, mwenyewe akiwa ndani akipimiwa mchele. Mtu mwenye spana mbili angehitaji dakika ngapi?

Vioo vyake vilikwisha kuchongwa namba ya gari. Taa zilikuwa nyuma ya nondo, kifuniko cha tangi kina kufuli. Kila dereva mwenye akili alifanya hivyo. Kwa nini basi kifaa hiki kipya kiachwe wazi? Jumatatu alipofika Bugarama alikwenda kwanza kwa Valens, mchomeleaji, akamwagiza azibe uwazi wote wa bampa kwa bati nene.

"Tunafungia nini humo, Maman?" Valens aliuliza. "Mbuzi?"

"Mali yangu. Choma."

Alasiri ile, magunia yakiwa nyuma, alianza kupanda kwa moyo mweupe. Kwenye kona ya nne injini ilinguruma bila gari kuongeza mwendo. Kwenye ya sita harufu ya kuungua iliingia ndani, na taa ya giaboksi ikawaka. Mshale wa joto la injini haukuwa umesogea hata kidogo. Alisimama, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi: mafuta yale, mekundu kwa kawaida, yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Basi injini ni nzima, aliwaza, na kilichoharibika ni kile tu alichokigusa Hakimu. Ameniwekea kopo tupu.

Alingoja gari lipoe, akapanda polepole, akisimama kila baada ya kilima. Alipofika garajini, lile neno ambalo hakulitamka miaka yote lilimtoka mbele ya watu.

"Mwizi! Fungua rejeta yako ya uongo, bote baione!"

Hakimu alilala chini mbele ya gari, akawasha tochi ya simu.

"Maman, hii bati ni nani aliweka?"

"Miye. Juu yenu, musiniibie."

"Na upepo upitie wapi?"

Védastine alitazama bati, akatazama rejeta ndogo iliyozibwa nyuma yake na ile ya injini iliyo wazi juu yake, akaiona safari nzima ya mlimani upya.

Hakimu alikata bati, akamwaga mafuta, akafungua sahani ya chini ya giaboksi na kumletea sumaku iliyokuwa ndani yake, ile inasayo chembe za chuma gia zikisagika. Mama yule aliipokea akiwa kwenye kigoda chake.

"Pitisha kidole. Unasikia unga wa chuma?"

"Hapana."

"Basi bwati haijakufa. Siku moja ingine namna hii, ingekufa." Akaongeza, akijifuta mikono: "Na rangi yako ya kucha iko palepale. Kila nikisafisha ninazunguka pembeni, nisiikwangue."

Watu walicheka tena. Védastine alitafuta neno la kuomba radhi, akapata moja tu: "Fundi." Kisha akainuka, akaenda kunywa chai, kigoda akakiacha hapo.

Jumatatu iliyofuata alipanda mlima bampa ikiwa wazi. Juu kabisa alisimama, akashika mrija uingiao kwenye rejeta ndogo: moto. Utokao: vuguvugu, mafuta yamepozwa. Alibaki ameinama kitambo, upepo ukimpiga mkononi. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameinama tayari, akazihesabu boliti. Zilikuwa nne, zote na rangi. Akazihesabu tena.