Mnyonya Damu Mwenye Adabu

Sokoni Ngungu kuna baba mmoja tunayemwita Papa, mwenye kompyuta, anayewawekea watu filamu kwenye simu. Juzi nilingoja zamu nyuma ya mama muuza maharage, aliyetaka filamu ya kutisha ya kuangalia na watoto wake.

"Chukua hii, Mama," Papa alisema, akimgeuzia kompyuta. "Muntu alishakufa, anatoka mu kaburi, ananyonya batu damu. Hata mimi niliogopa."

Mama aliinama, mikono kiunoni, akamtazama yule mnyonya damu aliyesimama mlangoni pa nyumba ya watu bila kuingia.

"Anangoja nini?"

"Mupaka benye nyumba bamuambie karibu, njo anaweza kuingia."

"Na bakikatala?"

"Anarudi kwake."

Mama aligeuka akanitazama, kama anayetafuta shahidi, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Anaomba ruhusa! Papa, kwangu mulango ilishavunjwa mara tatu na batu ba bunduki, na hakuna mwenye alibisha hodi. Huyu iko na adabu sana."

Nimesoma wahakiki wengi wa filamu za kutisha. Wanapima meno, wanapima damu, wanapima na muziki. Wote nawashauri wakae siku moja nyuma ya mama huyu.

Papa, aibu imemshika, akaanza kutafuta nyingine. "Basi nikupatie ya kutisha kabisa?"

"Hapana, weka hiyo hiyo," mama alisema, akimsukumia simu yake. "Nataka batoto bangu baone mulango yenye inaheshimiwa."