Mkojo wa Ndala na Hitima ya Babu

Enzi zetu sisi watoto wa Kariakoo, kabla kila kiwanja hakijaota ghorofa, nyumba moja ilikuwa na mlango mmoja wa mbele na watu ishirini nyuma yake. Unapanda baraza, unapita ukumbi mrefu wenye vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, unatokea uani. Vyumbani tulilala tu. Maisha yenyewe yalikuwa uani, kwenye bomba moja, jiko la kupokezana, kamba za nguo zilizopishana juu ya vichwa vyetu, na sauti ya Bibi yangu, mwenye nyumba, aliyejua nani kapika nini kabla sufuria haijafunikwa. Mwanangu nikimsimulia huniuliza faragha ilikuwa wapi. Haikuwepo, na sikumbuki mtu aliyeitafuta.

Nyie mliobeba fagio la chelewa na kidumu cha maji kwenda shule mnanielewa. Tukirudi tulivua sare, tukala wali kwa maharage ya nazi, tukatoka mbio kucheza rede mpaka miguu ikawa myeupe kwa vumbi. Tulinunua mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa katikati na kujazwa pilipili, ubuyu uliotupaka midomo rangi, na barafu za ukwaju za kufyonza kwenye kifuko cha nailoni. Adhana ya magharibi ikisikika, kila mtoto kwao. Hatukuhitaji simu ya kutuita. Aliyetuita ni mama yeyote aliyekuwa karibu, na mama huyo huyo aliruhusiwa kutuchapa.

Katika nyumba hiyo ndimo nilimosomea mambo ya sungura. Nasema bila kujigamba sana: kwa habari ya mkojo wa sungura dume, mimi ni mtaalamu, kilichokosekana ni cheti tu.

Mjomba Shabani, mdogo wake mama, aliuza viatu vya mitumba Mchikichini. Siku moja nikiwa darasa la nne alirudi na boksi la ndala lililotobolewa matundu, ndani yake sungura mdogo mweupe mwenye sikio moja la kijivu. Alikuwa amebadilishana na mteja kwa jozi ya raba. Tukamwita Ndala. Akawekewa kasha la mbao la kubebea nyanya, na mchana akaachwa azunguke uani apendavyo. Chakula chake hakikutusumbua. Wauza mboga wa sokoni walinipa majani ya karoti bure, na nyasi nilikwenda kukata Mnazi Mmoja nikitoka shule.

Miezi ya mwanzo alikuwa na adabu kunizidi mimi. Kisha, alipokaribia miezi mitano, akabadilika. Alianza kuzunguka miguu ya watu akitoa mlio mdogo wa kukoroma, mara anageuza makalio, na mkojo unaruka kama maji ya bomba lililopasuka. Ukikupata kwenye sare, dawati lako unabaki peke yako. Alianza na suruali ya Mjomba. Mjomba akamtandika kofi, na siku ile ile Ndala akakojolea viatu vya kuuza. Kisha ikawa milango ya wapangaji, mmoja baada ya mwingine, na mashuka yaliyoning'inia chini.

Wapangaji nao walikuwa na dawa yao. Kila aliyekuta kasha la Ndala karibu na mlango wake alilisukuma mlangoni kwa mwenzake. Asubuhi liko kwa fundi cherehani, adhuhuri liko chooni, jioni liko kwetu. Bibi naye alikuwa na dawa kubwa zaidi. Kila palipokojolewa palisuguliwa kwa sabuni ya unga, pakanyunyizwa marashi, kisha kikaletwa chetezo na pakafukizwa udi mpaka macho yakatutoka machozi. Uani kwetu kulinukia kama chumba cha biharusi. Kesho yake Ndala alikojoa pale pale.

Ijumaa moja Bibi alitandika mswala wake uani kwa sababu umeme ulikatika na chumbani kulikuwa na joto. Alipokuwa kwenye sijda ya alasiri, Ndala alimzunguka mara mbili, akampata mgongoni, na mswala nao ukalowa. Nilisimama na ndoo mkononi nisijue nifanye nini. Bibi aliondoka kwenye swala, akaenda kuoga, akabadilisha nguo, akaswali upya chumbani. Alipotoka alikwenda kusimama mbele ya kasha la Ndala.

“Hata mchama ago hanyeli,” alisema, “sembuse huyu anayelala hapa hapa.”

Akaniita karibu. Bibi aliniita mke mwenzake, kama mabibi wa kwetu wanavyotania wajukuu wa kike, na marehemu Babu akawa mume wetu. Akanikumbusha kwamba Ijumaa ijayo ilikuwa hitima ya mume wetu huyo. Mashehe wangekaa ukumbini, wanawake wangejaa uani, wote juu ya mikeka, na mkojo ni najisi. Hakuwa tayari kukalisha wageni juu ya najisi. Ndala angepewa Mama Happy ampike.

Mama Happy alikuwa mpangaji wa chumba cha mwisho, mtu wa Rombo, aliyeuza sufuria kwenye duka la jumla hapo jirani. Watoto wote wa nyumba ile tuliamini kwamba watu wa Kilimanjaro wanakula sungura, na mimi tangu Ndala aje nilikuwa nachungulia sufuria za Mama Happy kila jioni. Sasa nilikwenda kumpigia magoti. Nililia hata kamasi zikanishuka. Nilimwambia nitamchotea maji mwaka mzima, asimpike tu.

Alicheka mpaka akaketi. Akaniuliza ni nani aliyemsikia akiomba nyama. Kwao alikuwa amekua na sungura thelathini nyuma ya jiko la mama yake, na ndiyo, waliwala, lakini huyu wetu alikuwa na jina, na mwenye jina haliwi. Kisha akanipangusa uso kwa kanga yake, akaniambia maneno ambayo sijayasahau.

“Huyu si mchafu, mwanangu. Amebalehe. Anaweka alama kwamba hapa ni kwake. Nyie asubuhi mnamhamisha, jioni mnafukiza udi, harufu yake inapotea. Sasa afanye nini? Anaanza upya.”

Nilielewa papo hapo. Kazi ilikuwa kumwelewesha Bibi. Kumwambia Bibi apunguze udi kulikuwa karibu sawa na kumwambia apunguze swala, tena aseme mpangaji, tena asiye wa dini yake. Mama Happy hakuogopa. Alikwenda jioni ile, akampa shikamoo, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi ili awe chini ya Bibi, akaeleza yote taratibu. Kona ya Ndala iwe moja, isihamishwe na mtu. Alijitolea iwe mlangoni kwake mwenyewe, pembeni ya stoo ya mkaa. Uani pasifukizwe udi kwa sasa. Hitima ikiisha, apelekwe kwa daktari wa mifugo akahasiwe, maana bila hivyo mafunzo peke yake hayatadumu. Wapangaji walikuwa wametoka wote kusikiliza, na hakuna aliyejifanya anapita.

Bibi alivuta punje za tasbihi yake moja moja mpaka mwisho.

“Siku saba,” akasema. “Udi utabaki ndani. Lakini akinikojolea tena, Mama Happy, utampika, na mimi nitakula.”

Zile siku saba nilifanya kazi kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Tulichukua beseni pana lililochakaa, tukatandika magazeti chini na nyasi kavu juu. Ndala alizungushiwa mbao konani kwake. Alipokojoa nje ya beseni nilifuta kwa gazeti, na gazeti lile lile nikaliweka ndani ya beseni ili harufu imwite huko. Pale sakafuni nikapaosha kwa maji yenye siki, kisha Bibi akapamiminia maji safi kwa tohara yake. Kila asubuhi nilibadilisha nyasi, lakini nilibakiza konzi moja la zile za zamani, kwa sababu Mama Happy alisema ukisafisha kila kitu unamfukuza. Akitumia beseni, anapata jani la karoti na ruhusa ya kutoka kidogo. Akianza kuzunguka mguu wa mtu, hapigwi wala hafokewi, anarudishwa kwake polepole.

Jumatatu alipata soksi ya Mjomba. Mjomba akaapa, lakini mkono hakuunyanyua. Jumanne alikosea mara moja, karibu kabisa na beseni. Jumatano hakukosea. Alhamisi nayo ikapita, na usiku huo nilimsikia Bibi chumbani akijisemea kwamba nyumba ya hitima uani hakuna udi, mume wake angemcheka.

Ijumaa uani palijaa. Masufuria ya pilau yalikuwa juu ya mafiga, wanawake wamekaa mikekani bega kwa bega, ukumbini sauti za kisomo zinapanda na kushuka. Mimi nilikaa mbele ya zile mbao kama askari, nikakataa hata kwenda kuchukua sahani yangu. Nikatumwa maji mara moja tu. Nilipogeuka na jagi, mgeni mmoja aliyehitaji mkaa alikuwa ameshasogeza ubao, na Ndala alikuwa amekwisha kufika katikati ya mkeka.

Akaenda moja kwa moja kwa Bibi. Akamzunguka mara moja. Nikajua. Mama Happy, aliyekuwa akikoroga pilau, akasimamisha mwiko. Watu wote wa nyumba tuliokuwa pale tulijua mzunguko wa pili unafuatwa na nini, na hakuna aliyethubutu kusogea asije akamshtua. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya za hitima. Alimtazama Ndala, Ndala akamaliza mzunguko wa pili, akasimama, akanusa ukingo wa mkeka. Kisha akaruka ruka kupita miguu ya watu, akapita penye ubao uliosogezwa, akaingia kwenye beseni lake, akakojoa.

Nilitaka kukimbia nikafunge ubao. Bibi akanishika mkono.

“Mwache, mke mwenzangu. Amejua kwake.”

Wageni hawakuelewa kwa nini wapangaji wanane walicheka kwa pamoja katikati ya hitima, au kwa nini Mama Happy alijifuta macho kwa mkono wenye mwiko. Mimi nililia hadharani na sikuona aibu.

Wiki iliyofuata tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, Bibi na mimi, Ndala akiwa kwenye kikapu kilichofunikwa kanga. Mjomba alikataa kutusindikiza. Alisema hawezi kushuhudia mwanaume mwenzake akifanyiwa vile, na siku mbili alitembea uani amejikunja kama aliyehasiwa ni yeye. Daktari akampiga Ndala nusu kaputi, akafanya kazi yake, akatuonya kwamba tabia haitaisha siku hiyo hiyo. Kweli, ilichukua wiki kadhaa, ikapungua, ikaisha. Udi ukarudi uani. Ndala aliishi nasi miaka mingi, na kona ile hakuna mpangaji aliyewahi kuisogeza hata kwa kidole.

Sasa mimi nakaa Upanga, ghorofa ya tatu. Bibi alishatangulia mbele ya haki, na nyumba yake imekuwa jengo la maduka. Mwaka huu mwanangu Idrisa, kijana wa miaka kumi na sita, amenunua sungura dume kwa kuagiza kwenye simu, akaletewa na bodaboda hadi mlangoni. Kabla ya kumpa maji alimpiga picha arobaini. Sungura alipoanza kurusha mkojo kwenye makochi, Idrisa aliuliza simu, simu ikamwuzia pafyumu ya kupuliza yenye harufu ya maua. Nikamwambia hiyo ni udi wa Bibi wenye mfuniko. Nikamtafutia beseni, nikamwonyesha gazeti, siki na konzi la nyasi za jana, nikampigia daktari wa mifugo kupanga siku ya kumhasi. Hakuamini mama yake anajua kitu ambacho simu haijui. Mwezi wa pili huu, makochi ni makavu.

Imekuwa rahisi kuliko enzi zetu, sikatai. Sikumpigia magoti mtu, hakuna aliyenipa siku saba, hakuna sufuria niliyoichungulia. Wiki tatu nyumba ilinuka mpaka kwenye ngazi, na katika milango sita tunayopakana nayo hakuna hata mmoja uliofunguliwa kuuliza kuna nini. Jirani wa mkabala nakutana naye kwenye ngazi, tunaambiana mambo, poa, kila mtu anatafuta funguo zake, na mpaka leo sijui jina lake. Sungura wetu amejua kwake bila msaada wa mtu. Idrisa anasema huo ndio ustaarabu. Mimi zile wiki tatu nilikuwa nikisikia nyayo koridoni naacha kufagia, nasikiliza, nikitumaini kwamba safari hii mtu atagonga mlango aje anigombeze.