Kimea cha Chini ya Kitanda

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata nikiamkiwa shikamoo, kwanza namkagua mtu anataka nini, ndipo naitikia marahaba. Alinisingizia kidogo tu.

Basi mwanangu alipooa binti wa kambi ya mkonge kule tambarare, nilipiga vigelegele kama wengine, ila macho yalikuwa kazini. Mama wa yule binti alikuwa mpika komoni, pombe ya kienyeji. Sisi huku Gonja ni Walutheri tangu enzi za babu zetu, mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, na pombe ilikuwa haijavuka kizingiti chetu hata siku moja. Mwanangu akapata kazi Same mjini, chumba chenyewe huwezi hata kugeuka, akamleta mkewe akae nami pamoja na mtoto wao wa kike wa miezi kumi. Mkwe wangu alifika na mtoto mgongoni, beseni la nguo, na nusu gunia lililofungwa kwa kipande cha kanga. Gunia likaenda moja kwa moja chini ya kitanda.

"Ni nini hicho, mwanangu?"

"Kimea, mama. Wafanyakazi wengi wamehama kambini, mama yangu ameacha kupika. Kilibaki."

Kimea! Ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, tayari kwa pombe. Nikamuuliza atakifanyia nini.

"Hakitakosa kazi," akasema.

Jibu hilo liliniondolea raha. Nikaanza kunusa. Nilinusa ndoo, nikanusa madumu, nikanusa hadi sufuria zilizofunikwa juani. Sikuambulia kitu, na hapo ndipo wasiwasi ulipozidi, kwa sababu nyumba yenye mtoto mdogo haikosi harufu ya kitu fulani.

Wakati huohuo mjukuu alikuwa akikonda. Kwenye kadi ya kliniki uzito wake ulikuwa umeangukia rangi ya kijivu. Nesi alitueleza wazi kwamba mwezi ujao akishuka kwenye nyekundu, atalazwa. Niliogopa sana. Niliwahi kuzika mtoto wa umri huohuo, wa pili katika uzazi wangu, na mikono ya huyu ilianza kufanana na ya yule. Nikampikia uji kwa mkono wangu, mzito, mwiko unasimama. Vijiko viwili tu, akafumba mdomo, akageuza shingo.

Mkwe akaomba apike yeye. Nikamwachia, kisha nikachungulia kikombe: uji unatiririka kama maji ya kuoshea vyombo. Kwetu uji wa namna ile unampa mgeni unayetaka aondoke. Siku zikapita, wiki ya kwanza, ya pili, ni ule ule. Nikajiambia, huyu anabana unga. Anaupeleka wapi?

Asubuhi moja nikajibanza nyuma ya jiko, penye ufa wa ukuta. Nikamwona akikoroga uji mzito kuliko wangu. Akaipua, akasubiri, akachovya kidole kupima joto. Kisha akafungua kitambaa, akatia kijiko kimoja cha unga wa kahawia, akakoroga. Uji ukalegea mbele ya macho yangu, ukawa mwepesi kabisa. Akaurudisha motoni ukachemka tena.

Nikaingia. "Unampa mjukuu wangu pombe?"

"Hapana, mama. Kimea si pombe mpaka kichachuke. Unga ni mwingi vilevile, ila sasa anaweza kuumeza. Mama yangu alitulea hivi sote." Akaninyooshea kijiko. "Onja."

Nikarudi nyuma hatua moja. Sikuonja. Aliposema "mama yangu", mimi nilimwona mpika komoni tu.

Siku nne kabla ya kliniki, mkwe alipokwenda kuchota maji, nikaliburura lile gunia mpaka kwa jirani yangu anayefuga nguruwe. Nikamwambia ni ulezi ulioingia maji. Nguruwe walikula wakagombana. Nikarudi na gunia tupu nikijiona nimeiokoa nyumba.

Mkwe wangu akarudi na maji. Alitazama chini ya kitanda, akanitazama mimi, akaenda kukung'uta unga uliobaki kwenye kile kitambaa chake.

Kliniki mtoto akaning'inizwa kwenye mizani. Nesi akaweka nukta kwenye kadi, akatuonyesha. Ilikuwa imepanda hadi kijani. Akauliza tunampa nini. Mkwe wangu angeweza kuniaibisha pale mbele ya kina mama wote.

"Uji wa kimea," akasema.

"Vizuri sana. Msiuache."

Masikio yaliniwaka kwa aibu. Njiani nikamwambia, "Nimekosa, mwanangu. Niliwapa nguruwe."

"Najua, mama." Akamkaza mtoto mgongoni. "Ulezi upo ndani. Nitakuonyesha."

Hivyo ndivyo mimi, mjane wa mzee wa kanisa, nilivyoloweka ulezi, nikautandaza juu ya majani ya migomba, nikaufunika kwa gunia lilelile, nimelilowesha. Ukatoa vimizizi vyeupe. Ulipokauka tukasaga konzi ya kwanza, tukapika. Nilikuwa nimekaa uani namlisha mjukuu, kimea kingine kimeanikwa mkekani, jirani wa nguruwe alipopita. Akainama, akachota kidogo, akanusa.

"Hata ule ulioniletea ulikuwa na vimizizi hivihivi," akasema polepole. "Kumbe mmeanza siku nyingi."

"Ni wa uji wa mtoto, jirani."

"Haya."

Nikamnyooshea kijiko. "Basi onja."

Akarudi nyuma hatua moja. "Hapana, mama, asante. Tutaonana kanisani."

Mkono wangu ukabaki hewani na kijiko. Mjukuu akaudaka kwa mikono miwili, akauvuta mdomoni kwake.